Kutoka Ruhusa hadi Taarifa: Historia ya Kuifunga Njia kwa Shughuli za Watu katika Miji ya Waswahili

Wanahistoria wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya nyumba za mawe, misikiti na biashara ya ng'ambo, lakini njia iliyo baina ya nyumba na nyumba hawakuishughulikia sana. Hali njia hiyo ndipo ilipochezwa ngoma, ndipo arusi ilipopita, ndipo jeneza lilipopitishwa, na ndipo watu wa mtaa mmoja walipowaonyesha watu wa mtaa wa pili kuwa wao ni nani. Kila mara jambo kama hilo lilipofanyika, njia ilifungwa kwa muda, na aliyekuwa na haja ya kupita alingoja au alizunguka. Kuuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba njia na ifungwe ni kuuliza mji ulikuwa wa nani.

Mhadhara huu unalifuata swali hilo kwa njia ya maneno. Maneno yanayohusika hasa ni matatu: ruhusa, kibali na taarifa. Itadaiwa hapa kwamba katika miaka ya 1990 sheria za Tanzania Bara na za Kenya ziliondoa kibali na kuweka taarifa mahali pake, lakini ndimi za watu, wa ofisini na wa mitaani, hazikufuata; na kwa kuwa ndimi hazikufuata, sehemu kubwa ya madaraka yaliyoondolewa na sheria imebaki palepale ilipokuwa.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Ruhusa, ambayo wengine hutamka ruksa au rukhsa, ni neno la Kiarabu ambalo katika elimu ya fikihi lina maana mahususi: ni wepesi anaopewa mwenye udhuru, kama vile msafiri anayefuturu mchana wa Ramadhani. Asili yake, basi, si kupewa haki usiyokuwa nayo, bali kulegezewa amri iliyokuwa nzito. Idhini inatoka katika shina moja na adhana. Katika Kiarabu shina hilo hubeba maana ya kusikia na kutangaza pamoja na maana ya kuruhusu. Aliyetangaza na aliyeruhusiwa hawako mbali. Kiswahili kiliwatenganisha. Taarifa ni ndugu wa arifu na maarifa, nayo humfanya mwingine ajue tu, wala haimwombi chochote. Ama kibali, hilo ni la nyumba moja na kubali, na kwa muda mrefu liliishi zaidi katika maneno ya ibada na ya mapenzi: mtu hupata kibali mbele ya Mungu, au kwa mkubwa wake, au kwa wakwe. Kibali ni kupendelewa. Hakidaiwi, aliyepata hushukuru na aliyekosa hunyamaza. Ni ajabu ya historia ya lugha kwamba ni neno hili, na si lile la wepesi wa fikihi wala lile la tangazo, lililokuja kugongwa muhuri wa serikali.

Kabla ya mihuri, hata hivyo, kulikuwa na pembe. Habari za Pate, zilizohifadhiwa kwa masimulizi ya ukoo wa Nabahani na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, zina kisa cha Mwana Darini. Bibi huyu, ambaye mumewe aliuawa kwa amri ya mfalme, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe kwa heshima zote za ukoo wake. Heshima hizo hazikutimia bila siwa, baragumu kubwa la kifalme, na siwa ilikuwa katika milki ya mfalme. Akanyimwa. Mwana Darini hakuiacha sherehe wala hakurudi kuomba mara ya pili. Alimwita fundi stadi wa ukoo wa masharifu, akachongewa siwa nyingine ya pembe ya ndovu, na siku ilipofika ikapigwa mbele ya watu. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Lamu, na wengi wanaozitazama huvutiwa na nakshi zake. Aghalabu husahauliwa kwamba moja kati ya hizo, kwa mujibu wa masimulizi, ni jibu kwa ombi lililokataliwa.

Kisa hiki chaonyesha ruhusa ya zamani ilikuwa juu ya nini. Hakuna aliyemwambia Mwana Darini asipite njiani, wala kwamba atawasumbua majirani. Alichonyimwa ni cheo. Kutembea mjini kwa siwa ni kudai daraja fulani mbele ya macho ya kila mtu, na mwenye kuigawa daraja ndiye aliyeigawa siwa. Katika miji ya Mrima jambo hilo lilikuwa mikononi mwa majumbe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza kwa urefu jinsi ada zilivyofungamana na sherehe: nani ale nini, nani akae wapi, nani alipwe kabla ya jambo kuendelea. Vugo, ngoma ya arusi ya wanawake waliopita njiani wakipiga pembe za nyati, ilihesabiwa kuwa ya waungwana. Mjakazi aliyeipiga alikuwa amevunja zaidi ya utulivu wa usiku.

Kulikuwa pia na mafungo ya njia yasiyoombwa kwa mtu yeyote. Huko Lamu, katika kuzinguka mui, ng'ombe alizungushwa pembezoni mwa mji huku Kurani ikisomwa, na baadaye akachinjwa, ili mji ukingwe na balaa. Hapo njia haikufungwa dhidi ya mji. Mji wenyewe ndio uliokuwa njiani. Maulidi ya Lamu, ambayo Habib Swaleh na wafuasi wake wa Msikiti wa Riyadha waliyapa sura yake ya leo kabla ya yeye kufariki mwaka 1935, yalizusha ubishi mkubwa, lakini ubishi wenyewe ulihusu matwari na watu wa Langoni waliokaribishwa kuyapiga, yaani nani aingie ndani, wala si nani apite nje.

Isidhaniwe kwamba hali hii ilikuwa ya haki. Baadhi ya maandishi ya miaka ya karibuni huusifu mji wa kale wa Kiswahili kana kwamba kila mtaa ulikuwa baraza la wazee wenye busara. Mtumwa aliyekatazwa kuvaa viatu mbele ya bwana wake hakuwa na sehemu katika baraza hilo. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni kwamba aliyetoa ruhusa alijulikana kwa jina na kwa uso, alikaa katika mji uleule, na alipokataa, kama mfalme wa Pate alivyokataa, mji ulijua ni nani aliyekataa na kwa nini.

Utawala wa kikoloni, kwanza wa Wajerumani upande wa Tanganyika na kisha wa Waingereza pote pwani, ulileta aina nyingine ya ruhusa. Iliandikwa, ilitaja mahali, tarehe na saa, na ilitolewa na ofisi, si na mtu. Katika miji mikubwa wenye ngoma walitakiwa kwenda kwa ofisa wa wilaya kuchukua hati kabla ya kucheza. Sababu zilizotolewa zilikuwa mpya pia: kelele, usafi, vyombo vya usafiri, amani ya umma. Lugha ya cheo ilibadilishwa ikawa lugha ya utulivu. Mpango wa miji ulisaidia. Dar es Salaam iligawanywa kuwa uzunguni, uhindini na uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa kama pazia kati ya Kariakoo na sehemu nyingine. Ngoma iliyochezwa uswahilini saa za jioni ilivumiliwa; ngoma ileile ikivuka pazia iliitwa fujo.

Hapo ndipo yafaa kukaa kidogo na beni, kwa maana hakuna ngoma iliyoishika njia kama beni ilivyoishika. Ilizuka katika miji ya pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki wa kijeshi. Wachezaji walivaa sare, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, walitembea kwa kwata, na walipeana vyeo. Mombasa ilikuwa na Kingi na Sekoti. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti, ambao baada ya Vita Kuu ya kwanza walikuwa na matawi bara na pwani. Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni kimebaki kuwa msingi wa utafiti huu, alionyesha kwamba beni haikuwa uigaji mtupu wa Wazungu. Mashindano yake yalikuwa ya kale, ya mtaa na mtaa, yakiwa yamevikwa nguo mpya. Mbio za beni zilikuwa mbio za kuimiliki njia kuu ya mji kwa mchana mmoja.

Maofisa wa Kiingereza walivutiwa na beni na pia waliiogopa. Walipendezwa na nidhamu yake, lakini matawi yaliyoandikiana barua kutoka mji hadi mji bila kupitia ofisi ya serikali yaliwatia shaka. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambako beni ilifika kwa jina la mbeni, tume iliyochunguza mgomo wa wachimba migodi wa Copperbelt mwaka 1935 ilivichunguza vyama hivyo pia. Lakini lenye maana zaidi kwa mada hii ni kwamba hati ya ruhusa iliwabadilisha hata waliokuwa wakiiomba. Hati inataka jina. Lazima awepo mtu wa kuandika barua, wa kuipokea, na wa kulaumiwa jambo likiharibika. Vyama vya ngoma vilikuwa na wakuu wake tangu hapo, ila sasa mkuu alikuwa ni yule ajuaye kuzungumza na ofisi. Haieleweki vema historia ya neno katibu katika Kiswahili cha karne ya 20 bila kumkumbuka katibu wa ngoma, aliyekwenda na barua asubuhi ili wenzake wacheze jioni.

Wanawake wa Mombasa waliifahamu kazi hiyo vizuri. Vyama vya lelemama vilivyoelezwa na Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka 1979, miongoni mwao Ibinaal Watan na Banu Saada vya katikati ya karne hiyo, vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za mafumbo na kwa maandamano yaliyopita katika mitaa ya mji. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika magazeti yake Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, aliyakemea matumizi ya namna hiyo kwa sababu za dini na za uchumi wa Waislamu. Kwa hiyo lelemama ilibanwa na pande mbili, ofisi na mimbari. Bado ikapita njiani.

Katika miaka hiyo hiyo sheria ilikuwa ikikazwa. Tanganyika ilipata sheria ya jeshi la polisi mwaka 1939, ambayo ndani yake mikutano na maandamano yaliwekwa chini ya mamlaka ya polisi. Kenya ilipata sheria ya utulivu wa umma mwaka 1950. Arusi, ngoma, maulidi na mkutano wa siasa vikaja kukutana katika dirisha moja. Mkutano wa hivyo na ngoma ya hivyo vilihitaji jambo lilelile: mahali, saa, jina. Matokeo yake hayakutarajiwa na waliotunga sheria. TANU ilipohitaji wanachama wanawake Dar es Salaam mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kundi la ngoma, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walijiunga, kama Susan Geiger alivyoandika mwaka 1997. Hao walikuwa watu waliozoea kukusanya ada, kushona sare, kuwaita wenzao na kuishika njia. Serikali kwa upande wake ilitumia ufunguo ileile iliyokuwa nao: ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika baadhi ya sehemu, na mwanzoni mwa mwaka 1957 Julius Nyerere alizuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara.

Mtu angedhani kwamba waliozuiwa kwa sheria hizo wangezifuta walipotawala. Hawakuzifuta. Sheria ya mwaka 1939 ilibaki Tanzania, na ile ya mwaka 1950 ilibaki Kenya, zote mbili zikiwa na marekebisho machache. Katika Tanzania ya chama kimoja jambo hilo halikuonekana sana, kwa sababu mkutano wa hadhara ulikuwa wa chama, na mtaa ulikuwa na mjumbe wake wa nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1960. Aliyetaka kuweka turubai la arusi alimwambia mjumbe, na mara nyingi ilitosha. Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani leseni ya mkutano ilitolewa na mkuu wa wilaya, na wenye kutaka mfumo wa vyama vingi hawakupewa. Tarehe 7 Julai 1990 watu walikwenda Kamukunji, Nairobi, kwa mkutano ambao haukuruhusiwa na ambao waliouitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamekwisha kukamatwa siku tatu kabla. Ghasia zilidumu siku kadhaa na watu wakauawa. Tarehe hiyo huitwa Saba Saba Kenya. Ni tarehe ileile iliyoitwa Saba Saba Tanganyika tangu TANU ilipozaliwa mwaka 1954.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili tofauti. Tanzania yalikuja kwa mahakama. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri katika Mahakama Kuu mjini Dodoma mwaka 1993, na mwaka uliofuata Jaji Kahwa Lugakingira alitoa uamuzi kwamba sharti la kuomba kibali kabla ya mkutano au maandamano ya amani lilikuwa kinyume cha Katiba. Kilichobaki ni kutoa taarifa. Sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 nayo ilikwisha kuweka utaratibu wa taarifa ya saa 48 kwa polisi wa mahali husika. Jambo hili lilitokea wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Rukhsa kwa sababu ya kulegeza masharti ya biashara. Katika lakabu hiyo neno la fikihi lilikuwa limerudi katika maana yake ya kwanza, wepesi baada ya uzito. Kenya mabadiliko yalikuja kwa mapatano ya vyama bungeni mwaka 1997, baada ya maandamano mengine ya mwezi wa Julai. Leseni iliondolewa. Mwenye mkutano alitakiwa amwarifu ofisa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 37 ikatamka wazi haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha.

Kwa karatasi, basi, jambo lilikwisha. Lakini tarehe 26 na 27 Januari 2001, wafuasi wa Chama cha Wananchi walipoandamana Unguja na Pemba kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000, serikali ilikuwa imekwisha kuyapiga marufuku maandamano hayo, na watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao kwa risasi za polisi. Ilikuwa zaidi ya miaka sita tangu uamuzi wa Dodoma.

Ni wajibu wa mwanaisimu kuuliza neno lilifanya nini katika kipindi hicho, bila kudai kwamba neno ndilo lililofyatua risasi. Jibu la kwanza ni la tafsiri. Katiba ya Tanzania iliandikwa kwa Kiswahili, lakini sheria nyingi, pamoja na ya polisi, na vilevile hukumu, zilikuwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu iliyotofautisha kwa uangalifu kati ya kupata ruhusa na kutoa taarifa haikuwafikia wananchi kwa maneno yaliyohukumiwa. Ilipita kwa vinywa vya maofisa, wanasiasa na waandishi wa habari, na katika vinywa hivyo neno lililokuwa tayari ni kibali.

Jibu la pili ni la sarufi, na lina uzito zaidi. Maneno yote mawili hutumia kitenzi kimoja, kutoa. Kibali hutolewa, taarifa hutolewa. Tofauti iko kwa mtenda. Kibali hutolewa na mwenye mamlaka, na mwananchi ni mpokeaji. Taarifa hutolewa na mwananchi, na mpokeaji ni mwenye mamlaka. Lakini Kiswahili, katika kauli ya kutendwa, humruhusu mtenda asitajwe, na Kiswahili cha ofisi kinaipenda mno kauli hiyo. Sentensi kama "kibali hakikutolewa" haina mtu ndani yake. Haisemi nani hakukitoa, kwa sheria gani, wala kama kilipaswa kutolewa. Mfalme wa Pate alipokataa siwa alikuwa mtenda katika sentensi yake mwenyewe. Ofisi imejiondoa katika sentensi.

Na neno lenyewe, kama ilivyoelezwa mwanzoni, lina asili ya upendeleo. Mwananchi aombaye kibali tayari amekubali kwamba anaweza kukosa. Hata gazeti linalomtetea huandika kwamba polisi "wamemnyima kibali", na kwa kuandika hivyo huthibitisha kuwepo kwa kitu ambacho mahakama ilikiondoa mwaka 1994. Mikutano ya hadhara ya vyama ilipozuiwa Tanzania tangu mwaka 2016, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023, mazungumzo mengi ya watu yalihusu vibali, na machache mno yalihusu taarifa. Zuio lilipoondolewa, wengi walisema sasa "wameruhusiwa".

Pengine itasemwa kwamba hoja hii inapuuza gari la wagonjwa. Haipuuzi. Mji wa leo si Pate. Barabara kubwa za Tanzania ziko chini ya TANROADS, za mijini na vijijini chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na mbio za marathoni, msafara wa arusi au tamasha la muziki likifunga barabara bila mtu kujua, mgonjwa anaweza kufia njiani. Ofisi lazima ijue ili ielekeze magari kwingine na isiwape watu wawili uwanja mmoja kwa saa moja. Lakini kujua ndiko hasa taarifa inakokuhudumia. Ajabu ni kwamba mitaani watu wanaifahamu tofauti hii bila kusoma hukumu yoyote. Ukitokea msiba katika mtaa wa Dar es Salaam au wa Mombasa, turubai husimamishwa na viti hupangwa, pengine kutoka ukuta hadi ukuta, na magari yakageuza. Hakuna aendaye kuomba kibali cha kulia. Majirani hupewa habari, kiongozi wa mtaa hupewa habari, na asubuhi ya pili yeye mwenyewe yupo chini ya turubai. Shughuli ya arusi iko katikati: mara hupewa habari, mara huombewa karatasi, hasa muziki ukikesha. Mkutano wa siasa uko mwisho kabisa. Njia ni ileile na upana wake ni uleule. Linalopima ukubwa wa kibali si idadi ya magari yatakayozuiwa, bali ni hofu ya ofisi juu ya watakaokuja.

Kenya imeongeza sura nyingine ambayo hailingani na historia yote iliyotangulia. Vijana walioandamana Juni na Julai 2024 kupinga muswada wa fedha walijitangaza kuwa hawana kiongozi. Hakukuwa na mwenyekiti, hakukuwa na katibu, na kwa hiyo hakukuwa na wa kuandika barua kwa kituo cha polisi. Mwezi wa Julai polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi kwa sababu, pamoja na nyingine, ya kukosekana viongozi wa kushauriana nao juu ya usalama. Mahakama Kuu ikalisimamisha katazo hilo mara moja. Sheria ya taarifa, sawasawa na hati ya ngoma ya zamani, inamtaka mtu mwenye jina. Beni ilimzaa mtu huyo kwa ajili ya ofisi. Vijana hawa walikataa kumzaa.

Upande wa Tanzania, neno taarifa nalo halikubaki mikononi mwa mwananchi peke yake. Si nadra chama kupeleka barua ambayo kichwa chake ni taarifa ya mkutano, na kupokea majibu yanayosema kwamba ombi lake halikukubaliwa. Barua haikuomba, jibu limeifanya iwe imeomba. Na sababu inayotajwa, ambayo imekuwa msemo wa kawaida kiasi cha kutaniwa barabarani, ni kwamba polisi wanazo taarifa za kiintelijensia. Kwa hiyo katika barua mbili zinazopishana kuna taarifa mbili: ya mwananchi, ambayo ina jina, mahali na saa, na ya polisi, ambayo haina hata kimoja.